Ada ya Hawe

Shella, Malindi
3 Aprili 2025

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mgongo umepoa tangu ulipoteleza kwenye lile paa. Huku mimi na shangazi Priscilla hatujambo, ila yeye anasema wewe kaka yake huna haya, mwezi mzima hata salamu.

Baba, nimeshatuma maombi ya chuo. Udaktari nimeuweka wa kwanza, wa pili na wa tatu, katika vyuo vitatu mbalimbali. Dada wa saiba, aliyenijazia fomu kwenye kompyuta, akaniuliza, "Na ukikosa vyote?" Nikamwambia swali hilo akaulize kwao. Lakini nilipotoka nje nikarudi mara mbili kuuliza kama maombi yamekwenda kweli. Mwalimu alisema alama zangu zimefika, ila zimesimama mlangoni, na walio nje ni wengi.

Ada ya maombi amelipa shangazi kwa pesa za viazi karai. Jioni namsaidia kukaanga hapa mlangoni, na kila mteja ananiita daktari. Wanatania, lakini mimi naumia. Nikikosa sitajua niuweke wapi uso wangu.

Simu yako mbona haipatikani?

Ni mimi mwanao,
Hannah

*

Mavueni
11 Aprili 2025

Mwanangu Hannah,

Marahaba, marahaba. Mimi ni mzima, mgongo unalalamika kama shangazi yako, kwa hiyo nimeuzoea.

Simu nimeiuza. Usinune. Ile hoteli ya Kilifi niliyokuwa niiezeke imeamua kuweka mabati, tena mabati yaliyopakwa rangi yafanane na makuti! Nikamwuliza meneja, kama unayapenda makuti hivyo, si uyaweke makuti yenyewe? Akacheka, akanipa soda. Ndiyo mshahara wa mwezi huo. Na kupiga kwa simu ya kuazima sitaki, maana huku unaongea na binti yako kijiji kizima kinaitikia. Barua mpe Sanga, yule anayeleta madafu sokoni kwa pikapu. Ni mwaminifu, na hata akifungua hajui kusoma mwandiko wako.

Mvua zimeiangusha nyumba ya hawe yako, marehemu mama yangu, nami nimemalizia kuibomoa. Ule mkoba wake wa uganga, niliokataa kuupokea siku ya matanga, nimeukuta darini. Mchwa wameula wote, imebaki kamba. Mimi ni mzee wa kanisa, sikusikitika. Mambo yale yamekwisha na mwenyewe.

Soma, kula, usijitie presha. Ukipata nafasi, pesa nitazitafuta hata chini ya mawe.

Baba yako,
Katana

*

Shella, Malindi
2 Julai 2025

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Uzima upo? Sisi ni wazima, na leo zaidi ya wazima.

NIMEPATA, BABA! Udaktari, chaguo la kwanza! Shangazi alipiga vigelegele mpaka mafuta yakaungua, na Bi Zuleikha wa nyumba ya mbele akatuletea sinia zima la mkate wa mchele. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Sasa la pili, na hili nimelikalia tangu juzi kwa kuogopa kukuandikia. Wale wa fedha za masomo wametuweka kwenye fungu la familia zinazojiweza. Sijui waliona nini kwetu. Serikali itatoa sehemu, na sisi inatubidi tutoe elfu themanini na tano kabla ya tarehe ishirini na tisa Agosti, bweni likiwemo. Nimekata rufaa, wakasema nisubiri, na kusubiri kwao hakuna mwisho. Tusipolipa, nafasi anapewa mwingine. Koti jeupe na kompyuta sijavitaja, hivyo nitaazima.

Baba, kama haiwezekani niambie mapema, ili nianze kuzoea.

Ni mimi mwanao,
Hannah

*

Mavueni
20 Julai 2025

Mwanangu, daktari wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo kwa kutembea.

Nilipopata barua yako nilicheza peke yangu uani, kuku wakakimbia. Kisha nikakaa chini. Elfu themanini na tano! Kanisa likanichangia elfu sita na maombi. Nikaenda kwa Mangi, yule mwenye minazi, kumwomba mchango. Unajua aliniambia nini? "Mimi sina mchango, nina deni. Ada ya mama yako ninayo humu ndani mwaka wa tatu, na sina wa kumpa."

Nikakumbuka jinsi hawe yako alivyokuwa akifanya kazi. Mgonjwa analeta kuku wa kufungulia mkoba, anatibiwa, anakwenda zake. Akishapona kabisa ndipo analeta ada, na hawe hakuwahi kumdai mtu. Wanasema asiyeitoa, ugonjwa humrudia. Basi hawe alipofariki wagonjwa kadhaa walikuwa wameshapona na hawajatoa, na tangu hapo wanaishi kwa hofu. Mangi alikuwa ameshikwa na ububu mwaka mzima, hawe akamfungua ulimi.

Mangi akaniletea elfu kumi na tano kwenye leso. Lakini kabla hajaniachia akaniuliza, "Nani anapokea?" Ndivyo wanavyouliza. Nikafikiri, pesa hizi si za kwangu, ni za mtoto. Nikamjibu, "Anapokea Hannah, binti yangu." Akashusha pumzi, akaniachia.

Nimezunguka kwa wengine saba. Wote wameuliza vilevile, nami nimejibu vilevile. Nakwambia, watu walinishukuru kwa kuwachukulia pesa zao! Leo nimemtumia shangazi yako kwa wakala, zimetimia. Lipa haraka kabla sijaota kwamba ni ndoto.

Baba yako,
Katana

*

Shella, Malindi
4 Agosti 2025

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Afya yako vipi? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, kama asemavyo Bi Zuleikha.

Nimelipa, nimepokea ujumbe kwamba nafasi ni yangu. Ahsante baba. Sina neno jingine linalotosha.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza. Juma lililopita alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akaketi kwenye baraza la Bi Zuleikha, akavua ndala akaziweka pembeni vizuri. Nikadhani anasubiri viazi. Akakaa mpaka tukafunga. Nikamwendea, "Mama, unahitaji nini?" Akanijibu kwa Kigiriama, "Nitangoja mpaka uwe tayari." Nikamwelekeza hospitali. Asubuhi alikuwa palepale, na wenzake watatu. Leo wamefika saba. Hawabishi hodi, hawaombi maji, wala hawazungumzi wao kwa wao. Wanatazama mlango wetu tu. Bi Zuleikha amewamwagia maji ya deki karibu na miguu, wakajisogeza kidogo, wakatazama tena.

Ulimwambia nani ninapokaa?

Ni mimi mwanao,
Hannah

*

Mavueni
9 Agosti 2025

Mwanangu Hannah,

Salamu. Mimi ni mzima.

Sikumwambia mtu yeyote. Waliotoa ada nao nimewauliza mmoja mmoja. Wameapa kwamba hawajui hata Malindi unakaa mtaa gani, na wala hao waliokuja hawawajui. Sanga naye nimembana, nusura alie.

Labda ni wateja wa shangazi yako waliokosa nauli ya kurudi, hahaha. Lakini usiwaguse, mwanangu. Wape maneno mazuri, wapeleke hospitali, mkono wako ubaki kwako. Wala usipokee chochote kutoka kwao.

Usiku nasali kwa ajili yako.

Baba yako,
Katana

*

Shella, Malindi
15 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Ulinionya nisiwaguse, lakini onyo lilifika limechelewa. Yule mtoto wa mwanamke wa kwanza alianza kuteleza kutoka mgongoni kwa mama yake, nikamdaka asianguke, ndivyo tu! Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya mbavu za kushoto, ukasimama hapo. Baba, nilijua. Sikukisia wala sikukumbuka kitabu. Nilijua kilichomo mle kama unavyojua mfukoni mwako mna nini. Nikasikia mdomo wangu unamwambia mama yake achume nini, achemshe vipi, na mtoto anywe akiwa ameelekea upande gani. Niliyasema kwa Kigiriama kile cha ndani, ambacho wewe mwenyewe hunicheka kwa kutokijua.

Shangazi aliangusha mwiko kwenye mafuta. Alinivuta ndani akafunga mlango, akaniambia, "Usizungumze tena kwa sauti ya mama yangu." Tangu hapo halali chumba kimoja nami. Ananipenda, najua, lakini ananiogopa.

Mtoto amepona. Anakimbizana na paka wa Bi Zuleikha. Na barazani sasa hapana nafasi, wengine wamekaa chini kando ya ukuta.

Nikifungua kitabu cha biolojia, herufi naziona, maana yake siipati. Naogopa baba. Nilitaka kuwa daktari kwa kusoma, kwa kukosea na kusahihishwa, kwa akili yangu mwenyewe. Hiki sikukiomba. Nakusihi uwarudishie watu pesa zao. Nafasi ikipotea na ipotee.

Mwanao,
Hannah

*

Mavueni
21 Agosti 2025

Mwanangu,

Natumai unaendelea kupumua tu, mengine tutayatafuta.

Nilifanya ulivyosema. Nikauza mbuzi wawili, nikakopa kidogo, nikaanza na Mangi. Nikamrudishia leso yake na elfu kumi na tano zake, nikamwambia binti yangu hapokei tena. Akazipokea bila ubishi. Alinisindikiza mpaka kwenye minazi, akafungua mdomo aniage, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akanishika mabega anatikisa kichwa, machozi yanamtoka, na mdomo wazi, na kimya. Nilimpokonya leso nikaitia mfukoni mwangu, nikasema kwa nguvu kwamba Hannah ameipokea. Hapo ndipo akaweza kuniambia, "Katana, usinifanyie hivyo tena."

Kwa hiyo siwezi kuwarudishia, Hannah. Miongoni mwao mna mama aliyekuwa haoni, na kijana aliyekuwa na kifafa, ana watoto wadogo sasa. Ada ikirudi, ugonjwa unarudi. Nami nilicheza na jambo hilo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulipa karo.

Sijui la kufanya. Nipe siku chache.

Baba yako,
Katana

*

Shella, Malindi
23 Agosti 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma, nimeielewa. Usijilaumu sana, wewe ulinitafutia karo.

Basi usimrudishie mtu yeyote. Sitaki mtu arudi kuwa kipofu ili mimi nikasome dawa, itakuwa udaktari gani huo? Nimeamua kuwaandikia chuo kwamba siendi. Nitarudi Mavueni, nitakaa palipokuwa na nyumba ya hawe, na hawa wa barazani watanifuata, najua. Labda pia nitasaidia watu. Najiambia hivyo kila asubuhi, ila machozi hayanisikilizi.

Jumatatu nitatuma barua ya chuo. Mwambie Sanga aniwekee nafasi kwenye pikapu.

Mwanao,
Hannah

*

Mavueni
24 Agosti 2025

Hannah,

Hiyo barua ya chuo ichane. Sanga nimempa nauli aje mbio, na nimemwambia asikuwekee nafasi yoyote.

Siku ya matanga mkoba uliletwa kwangu, si kwako. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na jina langu ndilo alilolitaja akiwa anakata roho. Nilikataa mbele za watu, nikajiona shujaa. Sasa nimewaita wote wanane waje kesho asubuhi uani kwangu. Watauliza, nami nitajibu kwamba anayepokea ni mimi, na ya Hannah yamekwisha. Mchungaji nimeshamwarifu. Ameniombea, akanitoa kwenye uzee wa kanisa, nikamshukuru.

Naogopa, mwanangu. Nakwambia kweli kwa sababu umeshakuwa mtu mzima. Lakini nikikuwazia umekaa kwenye ule uwanja mtupu wa hawe na miaka yako kumi na tisa, nasikia uchungu unaoshinda woga.

Panda basi, uende. Usipite huku kuniaga.

Baba yako anayekupenda,
Katana

*

Chuoni
30 Septemba 2025

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. U hali gani? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ya kutisha, nalala na soksi na sweta ya shangazi, na bado natetemeka.

Siku ile uliyowaita, ilipofika saa nne, wale watu wa barazani wakasimama wote pamoja, wakavaa ndala zao, wakaondoka bila kuangalia nyuma. Bi Zuleikha alifagia baraza lake mara tatu. Shangazi alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Nilijua umefanya, na nililia njia nzima kwenye basi.

Baba, masomo ni magumu! Kuna mifupa mia mbili na kitu, na kila mmoja una jina, na kila jina lina majina mengine ndani yake. Mtihani mdogo wa kwanza nimepata nusu. Nilifurahi, huwezi kuamini. Mwenzangu wa chumbani aliumwa na tumbo, nikamshika, sikuhisi chochote, tumbo tu la mtu. Nikacheka, akadhani nimerukwa na akili.

Niandikie. Nimetuma barua mbili kabla ya hii, sijapata jibu. Shangazi alikuja kukutazama, akanipigia simu akiwa njiani kurudi. Anasema uani kumejaa watu, na umekuwa mpole mno. Hukumtania hata mara moja, na wakati wa kuagana ulimwita "mwanangu", yeye dada yako. Amenikataza nisikuambie kwamba alilia.

Desemba nakuja. Nitakuletea sweta.

Ni mimi mwanao,
Hannah

*

Mavueni
16 Novemba 2025

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Hannah,

Waamkaje? Wala vizuri huko kwenye baridi? Huku sote tu wazima, mvua ya vuli imeshika, mihogo inasimama.

Barua zako zote tatu zimefika na nimezisoma. Macho ya baba yako bado mazuri. Mimi sikwenda shule, lakini mkono wake huu unazijua herufi, nami nauachia uandike. Unasita kidogo kwenye jina lako, kisha unaendelea.

Nyumba yangu wameijenga upya, palepale. Wameiezeka makuti mazito, baba yako ameonyesha vijana namna ya kufunga. Wagonjwa ni wengi. Karo yako ya mwaka wa pili imetimia na ya mwaka wa tatu imeanza kuingia, wanaileta wenyewe. Usiwaze pesa tena. Soma hiyo mifupa yako yote.

Desemba usije. Utamwita baba, na mimi nitakutazama nikose la kukujibu, tutaumizana bure.

Simtesi. Ni mwanangu. Mimi nilimbeba tangu hajazaliwa, sasa yeye ananibeba mimi, na hajanung'unika. Muda mwingi amelala. Jana alfajiri aliamka kabla yangu akauliza kama basi limekufikisha salama. Nikamwambia limekufikisha. Akalala tena.

Hawe yako